Fundi Anayejua Ukoo wa Spea

Mtaa wa Makoroboi hapa Mwanza ulipata jina lake kwa makoroboi, vibatari ambavyo mafundi walivitengeneza kwa makopo yaliyotupwa. Huukumbuka mtaa huo kila nikikaa kwenye benchi la fundi kompyuta mmoja, maana naye huokota kilichokufa akajua kinafaa wapi.

Juzi aliletewa kompyuta ya mezani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, zama ambazo kapasita nyingi zilitoka viwandani na kimiminika kibovu ndani. Alipofungua, akapitisha kidole juu ya vichwa vya kapasita. Tatu zilikuwa zimevimba, moja imeshatoa ute wa kahawia. Akaufuta ubavu wake kwa kitambaa, akasoma: maikrofaradi 1500, volti 6.3, nyuzi 105.

Mimi ningechukua yoyote yenye namba hizo. Yeye hapana. Volti zikizidi si neno, zikipungua ni hatari. Maikrofaradi zibaki palepale. Halafu lipo jambo ambalo ubavuni halijaandikwa: kapasita iliyotoka kwenye redio ya kawaida, hata namba zikilingana, huenda ikachemka kwenye bodi ya kompyuta, kwa kuwa ukinzani wake wa ndani ni mkubwa. Akalisogeza kopo la spea za redio, akavuta bodi mfu ya kompyuta nyingine, akang'oa kapasita tatu humo, na kila moja akaipima kwanza.

Dayodi ndizo zinazonishangaza zaidi. 1N4007 na FR107 ukiziweka kiganjani ni mapacha: nyeusi, pete moja nyeupe, ampea 1, volti 1000. Lakini ya kwanza imezoea umeme wa ukutani, wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta mizunguko hufika makumi ya maelfu, na dayodi hiyo haiwahi kujifunga; huchemka hadi kuungua. Transista nazo zina yake. BC547 mara nyingi hukaa badala ya C1815, ila miguu imepangwa tofauti, kwa hiyo fundi huipindapinda kwa koleo kabla ya kuigusisha risasi.

Alipowasha, feni ikazunguka na kioo kikaandika. Alitoza pesa kidogo mno kwa ujuzi ule, na nilimwambia.

Ukinunua kompyuta mpya, bodi ya ile ya zamani usiitupe jalalani. Mpelekee fundi, humo ndimo anamopata spea.