Rubondo, likizo ya ukoo mzima

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Victoria, iliyotangazwa mwaka 1977, inastahili pongezi kwa kuwa ni ya rika zote. Kisiwani hakuna simba, hivyo vijana hutembea msituni na askari wa hifadhi kuwatafuta sokwe, uzao wa wale walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960, huku bibi akibaki Kageye, makao makuu ya hifadhi, kuangalia nzohe, swala wa majimaji, wakila majani kando ya maji. (Kuogelea hapana, mamba wamejaa.) Wapo Shinyanga watakaosema kutembelea hifadhi ni mambo ya wazungu wenye pesa. Lakini Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, chini sana ya mgeni. Kinachouma kweli ni bei ya boti ya kukodi kutoka ng'ambo, Nkome au Muganza, na hapo ndipo ukoo mkubwa unapofaidi: nauli inagawanywa.