Giza na Fadhila katika Filamu ya The Godfather

Tulipoitazama filamu ya The Godfather kwa mara ya kwanza, mjini Iringa, tukiwa vijana wa sekondari, tulidhani kanda imechakaa. Madirisha ya banda la video yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na katika kioo cha televisheni mlikuwa na giza jingine: mzee ameketi nyuma ya meza, uso wake nusu, macho hayaonekani. Watazamaji walimpigia kelele mwenye banda asafishe mashine. Miaka mingi baadaye tuliitazama tena Mbeya, pamoja na walimu, kwa nakala safi. Giza lilikuwa pale pale.

Halikuwa kasoro. Mpiga picha, Gordon Willis, aliweka taa juu ya vichwa vya waigizaji ili kivuli kiyafunike macho ya Marlon Brando, aliyeigiza Don Vito Corleone. Naye mwongozaji, Francis Ford Coppola, aliyeitoa filamu hiyo mwaka 1972 kutokana na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969, aliweka nje ya chumba hicho arusi ya binti wa Don, yenye jua, muziki na mvinyo. Filamu hutoka nje ikarudi ndani, ikatoka tena, na hoja yake imo katika mwendo huo.

Ndani amekuja Bonasera, mwenye kazi ya kuandaa maziko. Vijana wamempiga binti yake na mahakama imewaachia. Anaomba kisasi, anataja fedha. Don anaudhika, na sababu ya kuudhika kwake yafaa izingatiwe sana: hachukizwi na uovu anaoombwa, bali na kutajiwa bei. Anataka urafiki, anataka mkono wake ubusiwe. Baada ya hapo jambo litatendeka bure, na Bonasera atakuwa mdeni.

Sisi tuliokaa miaka mingi katika ofisi za serikali twamfahamu Bonasera. Ahadi za mwana-TANU ziliihesabu rushwa kuwa adui wa haki, nasi tukaielewa kuwa ni noti ndani ya bahasha. Lakini yuko mtu ajaye jioni na jogoo, akapiga hodi mlango wa uani, akajulia hali watoto mmoja mmoja, na mwisho kabisa akalitaja faili lake. Huyo twamwita ndugu. Tuliwahi kumpokea mmoja. Faili lake likatangulia, na la mjane fulani likakaa chini mwezi mzima. Hatukupokea hata senti, na kwa hiyo tulilala usingizi.

Jina la filamu lina maana ya baba wa ubatizo. Kwetu Iringa, ambako Wataliano tuliowajua walikuwa mapadre wa Konsolata wa Tosamaganga, neno hilo lina uzito wake. Coppola alilijua pia. Michael, mrithi wa Don, anamsimamia mtoto wa dada yake kanisani. Padre anamwuliza kama anamkataa Shetani. Anajibu kwamba anamkataa. Na baina ya jibu na jibu twaonyeshwa watu wake wakiwaua wakuu wa koo hasimu. Siku hiyo hiyo anamwua baba wa mtoto aliyebatizwa. Hatujaona filamu nyingine iliyousema unafiki kwa mkasi wa mhariri tu, bila hotuba.

Hata hivyo filamu hii ina pengo. Mwalimu mmoja wa historia alituuliza pale Mbeya: wako wapi wanaolipa gharama za jumba lile? Kweli, karibu hatuwaoni. Mnyonge anayekamuliwa hana uso, na ndiyo maana vijana hutoka wakiiga sauti ya Don. Hapo Coppola ameupendelea ukoo kupita kiasi.

Lakini yuko Kay, mke wa Michael. Anamwuliza mumewe kama amemwua shemeji yake. Anajibiwa la, naye anaamini. Kisha anageuka na kuwaona wanaume chumbani wakiubusu mkono wa mumewe. Uso wake twauona wazi, macho na yote, mpaka mmoja wao anapousukuma mlango.