Kidonge cha presha kilichoanzia kwa nyoka

Anayemeza captopril hamezi hata chembe ya sumu ya nyoka. Afadhali lisemwe mapema, maana hadithi za dawa za aina hii husimuliwa kana kwamba mtu alimkamua nyoka, akachuja, akajaza chupa.

Jararaca ni nyoka wa Brazil, wa ukoo mmoja na kifutu wetu. Mwaka 1965 mtafiti Sérgio Ferreira alionyesha kwamba sumu yake ina kitu kinachoizidishia nguvu bradikinini, kemikali ya mwilini inayotanua mishipa ya damu. Akaipeleka sumu hiyo London kwa mtafiti mwenzake John Vane, na huko ikabainika kuwa kitu hicho hukizuia kimeng'enya kiitwacho ACE. Kimeng'enya hicho hutengeneza angiotensini II, inayobana mishipa, na papo hapo huivunjavunja bradikinini. Ukikizuia, presha hushuka kwa njia mbili.

Kampuni ya Squibb ya Marekani ikatengeneza maabarani peptidi moja ya sumu hiyo, teprotide, yenye asidi amino tisa. Ilishusha presha za wagonjwa, lakini kwa sindano tu: ukiimeza, tumbo huisaga kama kipande cha nyama. Na mwenye presha mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Kumshawishi achomwe sindano kila siku ni mtihani.

Ufundi wenyewe uko hapa. Mwaka 1974 David Cushman na Miguel Ondetti, watafiti wa Squibb, walisoma habari za kizuizi cha kimeng'enya kingine, kaboksipeptidase A, chenye atomu ya zinki. Wakakisia kwamba ACE imejengwa kwa mfano huo. Kwenye peptidi ya sumu wakabakiza prolini, asidi amino ya mwisho, wakaiunganisha na asidi saksiniki. Ikafanya kazi, ila kinyonge. Ndipo wakaiondoa kaboksili iliyoelekea zinki, wakaweka salfa yenye haidrojeni, ambayo huing'ang'ania zinki barabara. Nguvu ikapanda takriban mara elfu. Yote hayo bila kuliona umbo la ACE, lililokuja kuchorwa mwaka 2003! Kwangu mimi, huo ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko kumkamua nyoka.

Dawa iliyopatikana hivyo, captopril, iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Enalapril na lisinopril zilizofuata ziliachana na salfa, iliyolaumiwa kwa vipele na kupoteza ladha mdomoni. Kikohozi kikavu kinacholetwa na dawa hizi hakikuondoka, na anayeshukiwa zaidi ni bradikinini ileile inayolimbikizana. Mgonjwa akilalamika, daktari humbadilishia losartan, inayoizuia angiotensini II isishike mishipa na kuiacha ACE iendelee kuivunja bradikinini.