Kirusi cha Batobato Hakina Miiba

Tangu Korona, kila kirusi tunakichora vilevile: mpira wenye miiba. Hata mada ikiwa batobato ya muhogo, slaidi inakuja na mpira uleule. Utasema, si mchoro tu? Hapana. Kosa lake linafika mpaka shambani Magu.

Virusi vya batobato ni jeminivirusi, yaani virusi pacha. Chukua mipira miwili, kata kila mmoja upande kidogo, kisha igandishe pamoja: hilo ndilo umbo lake. Ganda lina nakala 110 za protini moja, na urefu wake ni nanomita 38 hivi. Miiba haipo. Ndani mna duara la DNA ya uzi mmoja, herufi takriban 2,800.

Tena maduara yako mawili, A na B, na kila moja husafiri ndani ya ganda lake. A hubeba maelekezo ya kunakili na kujenga ganda. B hubeba ya kuhama toka seli hadi seli. Mpira mmoja kwenye slaidi hausemi hayo.

Halafu kuna ile sentensi tunayoipenda: "kirusi huingia na kujizalisha." Hakijizalishi! Hakina hata kimeng'enya cha kuunda DNA. Seli ya muhogo ndiyo inayoujazia uzi mmoja uwe nyuzi mbili. Kisha protini ya kirusi, Rep, hukata uzi mmoja mahali maalumu, na mitambo ya seli huzunguka duara ikishona uzi mpya huku wa zamani ukisukumwa nje, kama uzi unaotoka kwenye kibiringo. Rep huukata na kuunga ncha zake: duara jingine tayari.

Sasa, virusi vya aina mbili vikikutana katika seli moja, unakili unaweza kuruka toka duara moja kwenda jingine. Ndivyo alivyozaliwa chotara aliyeonekana katika janga la Uganda la miaka ya 1990: batobato ya Afrika Mashariki iliyobeba kipande cha jeni la ganda la batobato ya Afrika. Akaenea mpaka upande wetu wa ziwa.

Hapo ndipo mchoro unapotugharimu. Mpira wenye miiba unakufanya uwaze adui wa nje, upulizie nzi weupe dawa basi. Lakini pingili ni mmea uleule uliokatwa. Maduara yaliyomo yanaenda nayo. Ukichanganya pingili zenye ugonjwa toka huku na kule, unavikutanisha virusi mwenyewe, na udaga wa mwakani unapungua.

Herufi za jeminivirusi hii zilisomwa zote mwaka 1983, kutoka sampuli ya magharibi mwa Kenya, ng'ambo tu ya ziwa. Muda wa kurekebisha slaidi tumekuwa nao. Safari ijayo chora mapacha, tena chora jozi mbili.