Ziwa Lililokumbukwa

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo wa ualimu kwamba mchoro mzuri ni ule unaofanana na kitu chenyewe. "Chora unachokiona," nilikuwa nikiwaambia. Siku moja kijana mmoja alichora kisima cha kijijini kwao hali amekaa darasani. Nikampa alama chache na kuandika kwa wino mwekundu: "Majani ya mti hayaonekani."

Alama zile zilinirudia baada ya kustaafu, nilipokuwa nikitazama nakala ya picha ya Mfaransa Camille Corot iitwayo Kumbukumbu ya Mortefontaine. Aliichora mwaka 1864, akikaribia umri wa miaka 70. Mortefontaine ni mahali penye maziwa, kaskazini ya Paris. Corot alipata kwenda huko miaka ya 1850 kuchunguza mwanga juu ya maji. Lakini picha hii hakuinakili ukingoni. Aliitunga baadaye, kwa kukumbuka.

Kulia upo mti mkubwa ulioinama. Kushoto upo mti mwembamba, karibu uchi. Mwanamke ameunyoshea mikono, na watoto wawili wako naye. Nyuma yao ziwa limetulia tuli, na ng'ambo imefifia katika ukungu. Majani hayahesabiki, ni kama moshi.

Wapo wasemao kwamba Corot aliurudia mno ukungu huo kwa kuwa ulipendwa na wanunuzi. Siwabishii: picha zake nyingi za miaka ile zafanana kama sare za shule. Lakini katika hii ukungu una kazi. Yaliyofifia ni yale ambayo kumbukumbu huyapoteza. Yaliyobaki ni mwinamo wa mti, utulivu wa maji, na ile mikono iliyoinuliwa. Mzee ameweka alichokuwa na hakika nacho, basi.

Ndivyo alivyofanya yule kijana. Majani hayakuonekana, ni kweli. Lakini jiwe la ukingoni, lililolika kwa kamba ya ndoo, alilichora bila kukosea. Mimi nilisahihisha kilichokosekana, sikusoma kilichokuwapo.

Picha ya Corot imehifadhiwa Louvre, Paris. Ya kijana yule sijui iliko. Nikifumba macho siuoni tena mti wala majani yake niliyoyagombea. Naliona lile jiwe. Laiti ningeipata karatasi ile, ningeomba radhi kwa wino ule ule mwekundu.