Shauri au Amri? Tangazo la Wilford Woodruff

Yako maandishi yasiyo na uzuri wa lugha wala urefu wa hoja, ambayo hata hivyo yamewafarakanisha watu kwa vizazi. Mojawapo ni tangazo lililotolewa katika Utah, nchini Marekani, mwezi wa Septemba 1890, na Wilford Woodruff, Rais wa Kanisa la Wamormoni.

Wamormoni walihubiri ndoa ya mitala hadharani tangu 1852, wakiihesabu kuwa agizo la Mungu. Serikali ya Marekani iliiharamisha mwaka 1862, na mwaka 1879 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya George Reynolds, kwamba imani ya dini si udhuru wa kuvunja sheria. Kwa sheria ya 1882 waume wengi walifungwa. Kwa ile ya 1887 kanisa lilivunjwa kama shirika na mali yake ikatwaliwa. Hapo ndipo Woodruff aliposhika kalamu.

Tangazo lake yafaa lisomwe pamoja na ufunuo wa ndoa ulioandikwa kwa imla ya Joseph Smith mwaka 1843. Katika ufunuo msemaji ni Mungu, naye huamuru, huahidi na kuonya. Katika tangazo msemaji ni mzee anayejibu mashtaka. Akana kwamba kanisa lingali likifungisha ndoa za mitala. Aeleza nia yake ya kuitii sheria na kuwavuta wenziwe waitii. Kisha, mwishoni, awapa waumini shauri wasifunge ndoa iliyokatazwa na sheria ya nchi. Ni shauri, si amri.

Ustadi wa tangazo na ila yake vimo katika neno hilo moja. Kwa wakuu wa Washington, shauri la mtu anayetiiwa lilitosha. Kwa muumini, neno hilo liliacha mlango wazi, maana ufunuo wa kwanza haukutajwa kuwa umefutwa. Tena tangazo halikusema lolote juu ya wake na watoto waliokuwapo tayari. Mke wa pili aliyelisoma hakupata humo jibu kama angali mke, wala mumewe kama ana ruhusa ya kuingia nyumbani kwake.

Hapana budi kumtendea mwandishi haki. Mkutano wa kanisa ulilikubali tangazo tarehe 6 Oktoba 1890, na mwaka 1891 Woodruff alieleza kwa kinywa kwamba Mungu alimwonyesha maangamizi ambayo yangelipata kanisa kama desturi ile isingekoma. Lakini sauti ya Mungu iliyohitajika ndani ya tangazo ilikuja baada yake. Ndoa za siri ziliendelea, hata Rais Joseph F. Smith akalazimika kutoa tangazo la pili mwaka 1904, lenye tishio la kufukuzwa. Mitume wawili, John W. Taylor na Matthias Cowley, walipoteza viti vyao.

Walioshikilia mitala walijitenga. Mwaka 1953 askari wa Arizona waliwavamia huko Short Creek, wakawakamata wazazi na kuwachukua watoto wao. Hoja ya watu hao ni nyepesi kueleza: shauri la mwanadamu halitangui neno la Mungu. Wapinzani wao hujibu kwamba Joseph Smith huyo huyo, mwaka 1842, aliandika kuwa waumini huwatii watawala na kuiheshimu sheria. Basi kila upande una maandiko ya nabii mmoja mkononi.

Njia mbili zilimshinda fisi. Woodruff aliwaandikia wasomaji wawili kwa maneno yale yale, akaliokoa kanisa lake. Mwaka 1896 Utah ikakubaliwa kuwa jimbo kamili. Lakini alilolinyamazia ndilo lililobaki kuwa ugomvi, na gharama yake ikalipwa na watu ambao tangazo halikuwataja kabisa.