Jicho Lisomalo na Kinywa Kikisiacho

Hapa Kaoze, katika bonde la Rukwa, mwalimu hufurahi mtoto asomapo upesi. Lakini je, upesi huo ni wa jicho au ni wa kinywa? Swali hili lilipimwa na wataalamu wa Marekani, nami napenda kuipima hukumu yao.

Mwaka 1951 Howes na Solomon waliwaonyesha watu maneno kwa muda mfupi mno, wakauongeza kidogo kidogo hata yakasomeka. Maneno yatumikayo sana yalitambuliwa mapema kuliko ya nadra. Mwaka 1952 Solomon na Postman walitumia maneno yasiyo na maana, mengine yakionyeshwa mara 1, mengine hata mara 25, yaliyozoewa yakatangulia. Wengi wakahukumu kwamba mazoea hulinoa jicho.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Mwaka 1958 Goldiamond na Hawkins waliwazoeza watu maneno ya namna hiyo, kisha wakawapima pasipo kuwaonyesha neno lo lote. Hata hivyo neno lililozoewa zaidi ndilo lililotajwa zaidi. Basi, sehemu ya yale yaliyosifiwa kuwa kuona ilikuwa kukisia tu.

Walakini tusiyatupe yote. Mwaka 1969 Reicher alionyesha kwamba herufi iliyo ndani ya neno hutambuliwa vema kuliko ikiwa peke yake, hata mtu akichagua kati ya herufi mbili ambazo zote hufanya neno, kama KAKA na KATA kwetu. Hapo kukisia hakumfai kitu. Mazoea yamelisaidia jicho kweli.

Nimemwona mtoto akisoma ukurasa mzima pasipo kosa, na kidole chake ki juu ya mstari mwingine. Tena Kiswahili huunganisha viambishi: aliyezoea “wanasoma” aweza kukwama kwa “hawajasoma”, ijapokuwa shina ni lile lile. Na mtoto aliyelelewa kwa Kifipa hukuta neno lililo geni kwa sikio na kwa jicho pia.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tusiache kurudia, maana pasipo mazoea hakuna msomaji. Ila siku ya kupima tuandike ubaoni sentensi mpya kwa maneno ya zamani, na KATA mahali pa KAKA. Tusipofanya hivyo, twaweza kumpandisha darasa mtoto asiyejua kusoma, naye atagundua siku atakapopokea barua bila mtu wa kumsomea.